Gesi ya Swichi za Umeme: Kipimo cha Fundi na Afya ya Mapafu

Katika vituo vya kupozea umeme, swichi nyingi za msongo mkubwa hufungiwa ndani ya matangi ya chuma yaliyojazwa gesi ya salfa heksafloraidi. Gesi hiyo huzuia umeme usiruke na huzima cheche kali inayozuka swichi inapokata mkondo. Haina rangi wala harufu, na ikiwa safi haina sumu. Hata madaktari wa macho huitumia kushikiza retina iliyobanduka. Hata hivyo, ni nzito kuliko hewa takribani mara tano. Ikivuja hutuama katika mashimo na mifereji ya nyaya, na anayeingia humo huweza kukosa oksijeni pasipo dalili ya kumwonya.

Hatari nyingine huzaliwa ndani ya tangi. Joto la cheche huivunja gesi, na ingawa sehemu kubwa hurudia hali yake ya awali, kiasi kidogo huungana na unyevu, oksijeni na metali. Hapo hutokea salfa dioksaidi, hidrojeni floraidi na unga mweupe au wa kijivu, vyote vyenye kudhuru macho, ngozi na mapafu.

Kwa sababu hiyo mafundi hupima mambo matatu: usafi wa gesi, unyevu na salfa dioksaidi. Viwango vya kimataifa vya IEC hutaka gesi inayorudishwa kazini iwe na usafi usiopungua asilimia 97 ya ujazo. Unyevu ukizidi, kinga dhidi ya umeme hudhoofika na asidi huongezeka. Salfa dioksaidi ikionekana, ni ishara kwamba gesi imekwisha kuvunjika, na kwamba sumu nyingine huenda zimo pamoja nayo. Basi kipimo hufanywa kabla tangi halijafunguliwa, ili gesi ivutwe kwa mashine maalumu na mafundi wavae kinga ya kupumulia, miwani, glavu na mavazi ya kuzuia unga.

Fundi akifika kituo cha afya akiwa na kikohozi, kifua kubana au macho kuwasha, mhudumu aulize kazi aliyoifanya, kama alifungua tangi, na vipimo vya gesi vilisomekaje. Nguo zenye unga zivuliwe bila kukung'utwa. Ngozi na macho vioshwe kwa maji mengi. Maumivu ya hidrojeni floraidi huweza kuchelewa kwa saa kadhaa huku ngozi ikionekana nzima, kwa hiyo mgonjwa asipuuzwe. Jeli ya kalsiamu glukoneti ya asilimia 2.5 hupakwa mahali palipoungua, na kiwango cha kalsiamu katika damu pamoja na mapigo ya moyo hufuatiliwa. Aliyevuta hewa hiyo awekwe chini ya uangalizi, kwani mapafu huweza kujaa maji saa nyingi baadaye.

Kwa mfanyakazi mwenyewe, harufu kali karibu na swichi ni amri ya kuondoka. Mwenzake akianguka shimoni, asimfuate bila kifaa cha kupumulia, maana uokoaji wa haraka namna hiyo huweza kugharimu maisha ya wawili. Na akiruhusiwa kurudi nyumbani baada ya matibabu, pumzi ikianza kumpaa arudi hospitali mara moja, hata kama ni usiku.