Helikopta za Manowari na Pwani ya Afrika Mashariki

Helikopta ya kijeshi inayoruka kutoka melini hufanya kazi moja kubwa: kufikisha wapiganaji au makombora nchi kavu bila kungoja bandari wala uwanja wa ndege. Tanganyika iliiona kazi hiyo alfajiri ya Januari 25, 1964. Siku hiyo helikopta za manowari ya Kiingereza iitwayo Centaur zilishusha makomando kwenye uwanja wa michezo wa kambi ya Colito, kaskazini mwa Dar es Salaam, kambi ambayo leo ni Lugalo. Asubuhi haijakomaa, kambi ilikuwa imeshatekwa.

Habari za siku ile husimuliwa zaidi kwa upande wa siasa, na ni haki, maana siasa yake ilikuwa nzito. Upande wa kijeshi umeachwa kando, nao ndio unaoeleza kwa nini maasi ya askari wa Tanganyika kambini Colito yalizimwa kwa nguvu na haraka, huku yale ya Tabora yakimalizwa kwa njia nyingine kabisa, mikononi mwa kapteni mzaliwa wa Meru, Arusha.

Jeshi la Tanganyika Rifles lilirithiwa kutoka King's African Rifles, jeshi ambalo wazee wengi walilijua kwa jina la Keya. Hata jina la Colito lilitokana na mapigano ya Keya nchini Ethiopia mwaka 1941. Miaka miwili baada ya Uhuru, maofisa wakuu walikuwa bado Waingereza, na askari wa kawaida alilipwa shilingi 105 kwa mwezi. Usiku wa kuamkia Januari 20, 1964, askari wa kikosi cha kwanza, kilichokuwa Colito, waliwakamata maofisa wao, wakateka sehemu muhimu za mji, wakadai mishahara ya shilingi 260 na Waafrika washike uongozi wa jeshi. Serikali ilikuwa dhaifu saa hiyo kwa sababu sehemu ya polisi wake ilikuwa imepelekwa Zanzibar baada ya Mapinduzi ya Januari 12. Mitaani kulikuwa na uporaji na watu waliuawa. Kesho yake kikosi cha pili, kilichokuwa Tabora, nacho kikaasi. Kufikia Januari 24, askari wa Jinja nchini Uganda na wa Lanet nchini Kenya walikuwa wameshafuata mkondo huo huo.

Centaur ilikuwa Aden maasi yalipoanza. Ilikuwa manowari ya kubeba ndege, yenye urefu wa zaidi ya mita 220, na kwa kawaida ilibeba ndege za kivita aina ya Sea Vixen pamoja na helikopta aina ya Wessex. Kazi ya Wessex hizo ilikuwa kusaka nyambizi. Huko Aden ilipakia kikosi cha 45 cha makomando wa majini, watu wapatao 600, magari ya deraya ya kikosi cha farasi wa zamani, na helikopta kubwa za jeshi la anga aina ya Belvedere, zenye mapanga mawili, moja mbele na jingine nyuma. Mafundi walizing'oa mashine za kusakia nyambizi ndani ya Wessex ili askari wapate mahali pa kukaa. Kisha meli ikakata maji kwenda kusini, na jioni ya Januari 24, serikali ya Mwalimu Nyerere ilipoomba msaada kwa maandishi, ilikuwa tayari karibu na pwani.

Hapo ndipo faida ya kwanza ya meli ya aina hii inapoonekana. Kikosi kinachosafiri kwa ndege huhitaji uwanja wa kutua, na uwanja wa Dar es Salaam ungeweza kuzibwa na waasi kwa malori machache tu. Kikosi cha melini hungoja baharini, nje ya upeo wa macho ya watu wa pwani. Hakiombi ruhusa ya nchi yoyote jirani, na kama amri haikutolewa, meli hugeuza na kuondoka bila mtu wa bara kujua kwamba ilikuwapo.

Mpango wa alfajiri ulikuwa mfupi. Manowari nyingine, Cambrian, ilifyatua mizinga ambayo makombora yake yalipangwa kupasuka hewani, kelele tupu za kuvuta akili za waasi upande mwingine. Wakati huo huo Wessex za kwanza ziliruka chini sana juu ya maji, zikavuka ufuo na minazi, zikatua kwenye uwanja wa michezo kando ya kambi. Makomando waliruka nje, helikopta zikarudi melini kuchukua wengine. Katika kundi la kwanza alikuwamo Brigedia Patrick Sholto Douglas, kamanda wa Tanganyika Rifles mwenyewe, aliyekuwa amejificha mjini tangu maasi yaanze na kupelekwa melini usiku. Akashika kipaza sauti, akawataka askari wake wajisalimishe. Walipojibu kwa risasi, makomando walipiga roketi kwenye nyumba ya walinzi iliyokuwa getini. Askari wachache waliuawa. Baada ya hapo upinzani ulivunjika, wengine wakatoka mikono juu, wengine wakakimbilia porini na kukusanywa baadaye. Helikopta ziliendelea na safari za kwenda na kurudi, na kabla ya siku kwisha uwanja wa ndege na sehemu nyeti za mji zilikuwa mikononi mwa makomando.

Kilichoshinda pale ni mahali waliposhushwa. Adui hakuja kwa barabara, alishuka uwanjani, kando kabisa ya kambi. Helikopta za Centaur hazikuwa za mashambulizi kwa maana ya leo, kwa kuwa hazikubeba makombora. Silaha yake ilikuwa kushtukiza.

Tabora ilikuwa habari nyingine. Kutoka Dar es Salaam hadi Tabora, kwa mstari ulionyooka, ni zaidi ya kilomita 700. Helikopta za wakati ule zisingeweza kufika huko zikiwa na askari na kurudi melini. Waasi wa kikosi cha pili walikuwa wamemfanya Kapteni Mrisho Sarakikya kuwa kamanda wao, ofisa kijana aliyesomea uafisa Sandhurst, Uingereza. Yeye alikubali nafasi hiyo, kisha akaitumia kuwatuliza. Habari za Colito zilipofika, aliwashawishi askari waweke silaha chini, na kikosi kile kilinyang'anywa silaha pasipo mapigano. Ni vyema kulitaja jambo hili wazi, kwa kuwa vitabu vingi vya kijeshi huishia kwenye helikopta na kuusahau ujasiri wa mtu aliyekaa siku kadhaa katikati ya askari wenye bunduki na hasira, mbali na msaada wowote, akatoka na kikosi kizima bila damu nyingine kumwagika.

Tanganyika Rifles ilivunjwa. Mwalimu Nyerere hakuficha uchungu wake kwamba nchi huru ililazimika kuwaita watawala wa juzi, na mnamo Februari aliitisha kikao cha Umoja wa Nchi Huru za Afrika mjini Dar es Salaam kuomba askari wa Kiafrika washike nafasi ya Waingereza. Nigeria ilileta kikosi. Septemba 1, 1964 jeshi jipya lilizinduliwa, ambalo ni Jeshi la Wananchi, na mkuu wake wa kwanza Mtanzania akawa Sarakikya huyo wa Meru, aliyelisimamia hadi mwaka 1974. Maofisa wa jeshi hilo leo hufundishwa Monduli, mwendo mfupi tu magharibi mwa jiji la Arusha.

Njia iliyotumika Colito haikuwa ngeni kwa makomando wenyewe. Novemba 6, 1956, kikosi kile kile cha 45 kilirushwa kutoka meli za Ocean na Theseus hadi Port Said, Misri, katika vita vya Suez. Watu wapatao 400 walifikishwa pwani kwa muda wa takriban saa moja na nusu, na hilo ndilo shambulio la kwanza kubwa la helikopta kutoka baharini. Na hata kabla ya helikopta, maji ya Tanzania yalishaona ndege zikisaidia meli za kivita: mwaka 1915 ndege za Waingereza zilizunguka juu ya delta ya Rufiji zikielekeza mizinga kwenye manowari ya Kijerumani Königsberg, hadi ikaharibiwa Julai 11.

Kuirusha helikopta kutoka melini si kazi nyepesi kama inavyoonekana kwenye filamu. Sitaha hupanda na kushuka na mawimbi, kwa hiyo rubani husubiri sekunde ambayo meli imetulia ndipo aguse chini. Nahodha naye huigeuza meli ikabiliane na upepo, kwa sababu upepo wa mbele huyasaidia mapanga kuinua mzigo. Chumvi hula kila kitu: injini huoshwa kwa maji baridi, viungo hupakwa mafuta, na nyaya hukaguliwa mara kwa mara. Mapanga hukunjwa ili chombo kiingie chini ya sitaha. Wahudumu hufundishwa kutoka ndani ya helikopta iliyozama na kupinduka gizani, kwa kuwa injini ziko juu na chombo kikianguka majini hugeuka kichwa chini.

Bahari ina fadhila yake pia, na watu wa Arusha wanaweza kuielewa kwa kutazama mlima wao. Mapanga huinua chombo kwa kusukuma hewa, na hewa ya pwani ni nzito. Jiji la Arusha liko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 10. Kwenye kilele cha Meru, mita 4,566, uzito wa hewa umebaki karibu theluthi mbili ya ule wa pwani. Helikopta ile ile inayoinuka kutoka sitaha ya meli na watu 12 hulazimika kuacha baadhi yao ikitaka kupanda huko. Joto la mchana huongeza tatizo, na ndiyo maana marubani hupenda alfajiri.

Kuanzia miaka ya 1960 helikopta ziligawanyika. Zipo za kubeba watu, na zipo nyembamba za watu wawili tu, rubani na mpiga silaha, zenye bunduki kubwa na makombora. Marekani ilizitumia za aina ya pili, Cobra, kutoka meli ya Guam ilipoivamia Grenada Oktoba 1983. Siku ya kwanza tu Cobra mbili ziliangushwa kwa mizinga ya kutungulia ndege.

Guam hiyo hiyo ilionekana pwani ya Afrika Mashariki. Januari 1991, Mogadishu nchini Somalia ikiwaka moto na serikali ya Rais Siad Barre ikianguka, ubalozi wa Marekani ulizingirwa. Meli za Guam na Trenton zilikuwa mbali sana, lakini helikopta mbili kubwa ziliruka usiku kutoka umbali wa takriban kilomita 860, zikajazwa mafuta zikiwa angani kutoka ndege nyingine, zikawashusha askari ndani ya ukuta wa ubalozi. Watu 281 kutoka mataifa mengi waliokolewa. Umbali ambao mwaka 1964 uliiweka Tabora nje ya mkono wa Centaur ulikuwa umepatiwa dawa, ingawa dawa hiyo ni ghali na nchi chache zinaimudu.

Ufaransa ilijaribu kazi ngumu zaidi. Januari 2013, helikopta kutoka meli ya Mistral zilipeleka makomando Bulo Marer, mji mdogo wa Somalia kati ya Mogadishu na Barawa, kumwokoa jasusi wao aliyeshikwa na wanamgambo wa Al-Shabaab. Kwa kuogopa kelele za mapanga, walishushwa mbali kidogo na mji, wakatembea kwa miguu gizani. Wakagundulika. Mateka aliuawa pamoja na makomando wawili, na raia wa Kisomali pia walipoteza maisha. Kelele ndiyo adui mkubwa wa helikopta, na mbinu ya Colito ya kushuka mlangoni kabisa haifai pale ambapo mtu anayetafutwa anaweza kuuawa kwa risasi moja.

Helikopta za mashambulizi zenyewe zilipata nafasi yake kubwa pwani ya Libya mwaka 2011. Usiku wa Juni 3, helikopta aina ya Apache za jeshi la nchi kavu la Uingereza ziliruka kutoka Ocean, meli mpya yenye jina la ile ya Suez, na helikopta za Ufaransa zikaruka kutoka Tonnerre. Apache zilipiga rada na kizuizi cha askari karibu na Brega. Ndege za kivita zilikuwa zimeshambulia kwa zaidi ya miezi miwili, lakini askari wa Gaddafi, mtawala wa Libya, walishajifunza kujificha kati ya nyumba na kutumia magari ya kawaida. Rubani wa helikopta anayeruka polepole na chini, mwenye kamera ya kuona joto, huweza kutofautisha lori la mizigo na lori lenye mzinga. Kombora la Apache hufika takriban kilomita 8, kwa hiyo shabaha za kando ya barabara ya pwani ziliweza kupigwa wakati helikopta bado iko juu ya bahari au imeingia bara kidogo tu. Hakuna Apache iliyoangushwa, ingawa walioziendesha waliruka wakijua kwamba Libya ilijaa makombora ya begani.

Silaha hizo za begani zimeenea duniani, na meli zenyewe hazina tena usalama wa zamani. Mwaka 2006 manowari ya Israeli ilipigwa kwa kombora kutoka pwani ya Lebanon. Aprili 2022 Urusi ilipoteza Moskva, manowari yake kuu katika Bahari Nyeusi, kwa makombora yaliyorushwa kutoka nchi kavu ya Ukraine. Meli ikisukumwa mbali na ufuo, helikopta hutumia mafuta mengi zaidi njiani na hubaki na dakika chache juu ya shabaha. Kwa sababu hiyo majeshi ya majini yameanza kuzipa ndege zisizo na rubani kazi ya kutangulia, na kuzibakiza helikopta kwa safari ambazo lazima mtu ashuke mwenyewe.