Apophis, jiwe litakalopita chini ya setilaiti

Je, wajua kwamba usiku wa kuamkia Jumamosi, tarehe 14 Aprili 2029, jiwe lenye upana wa wastani wa mita 340 litapita juu ya Bahari ya Hindi na kuivuka Afrika, likiwa karibu nasi kuliko setilaiti zinazoturushia televisheni? Setilaiti hizo ziko juu kilomita 36,000 hivi. Jiwe litapita kwenye kilomita 32,000. Weka majengo matatu ya KICC ya Nairobi, moja juu ya jingine, na bado hujaufikia ukubwa wake.

Linaitwa Apophis, na halitatugonga. Nalisema hilo mapema, kabla mtu hajalitupia kwenye kundi la familia kwa herufi kubwa na alama tano za mshangao.

Hofu yenyewe ilikuwapo, tena ya kweli, na haikuzushwa mitaani bali ilitoka kwa wanaastronomia. Tarehe 19 Juni 2004, Roy Tucker, David Tholen na Fabrizio Bernardi waliliona jiwe hili kwa darubini ya Kitt Peak, huko Arizona. Walilifuatilia kwa siku mbili, kisha likawapotea. Lilionekana tena Desemba, safari hii kutoka Australia, na hapo ndipo kompyuta zilipoanza kutoa majibu yasiyopendeza. Ilipofika mkesha wa Krismasi, jiwe lilikuwa limepewa daraja la 4 kwenye kipimo cha Torino, kinachopanga hatari za namna hii kuanzia 0 hadi 10. Hakuna jiwe jingine lililowahi kufika daraja hilo, si kabla wala baada yake. Tarehe 27 Desemba uwezekano wa kuigonga Dunia mwaka 2029 ulipanda hadi asilimia 2.7, yaani mara moja katika 37.

Mbona dunia haikutaharuki? Kwa sababu siku moja kabla yake, tarehe 26 Desemba 2004, tetemeko la chini ya bahari karibu na Sumatra lilizua tsunami iliyoua zaidi ya watu 220,000, ikasafiri hadi Somalia, Kenya na Tanzania na kuua huko pia. Nani angekuwa na nafasi ya kusikiliza habari za jiwe la miaka 25 ijayo? Siku hiyohiyo ya tarehe 27, picha za zamani zilizopigwa mwezi Machi zilipekuliwa upya, jiwe likaonekana humo, hafifu mno, na kwa ushahidi huo hatari ya 2029 ikafutika. Nusu ya walimwengu hawakujua ilikuja wala ilikwenda.

Hapa pana jambo linalowachanganya wengi, na nadhani ndilo la maana kuliko yote katika habari za mawe ya angani: uwezekano wa kugongwa huwa unapanda kwanza, ndipo uanguke. Tuseme watu wa hali ya hewa wanatangaza kwamba kimbunga kitatua mahali fulani kati ya Tanga na Mtwara. Dar es Salaam imo, lakini imo pamoja na miji mingine kibao. Kesho yake wanasema kati ya Bagamoyo na Kilwa. Kimbunga hakijabadili njia hata kidogo, ila kwa mtu wa Dar hatari imeongezeka, maana eneo limepungua na yeye bado yumo. Keshokutwa wanasema Kilwa, na Dar wanaanua nguo zao tu kwa sababu ya upepo. Ndivyo vipimo vya jiwe vinavyokwenda. Kila darubini inayoongeza picha moja hupunguza eneo la mashaka, na Dunia ikiwa bado ndani ya eneo hilo, asilimia hupanda. Mchezo huohuo tuliuona tena mapema mwaka 2025 kwa jiwe jingine, 2024 YR4: likapanda hadi asilimia 3.1 mwezi Februari, na baada ya siku chache likashuka karibu na sifuri. Vichwa vya habari vilipanda nalo. Kushuka nalo, sikuviona vingi.

Jina la Apophis lina asili mbili, moja ya kale na moja ya sebuleni. Ya kale ni ya Misri: Apep, ambaye Wagiriki walimwita Apophis, alikuwa joka la giza lililovamia jahazi la mungu wa jua kila usiku likitaka kulimeza. Makuhani walimtengeneza kwa nta, wakamtemea mate, wakamkanyaga na kumchoma moto ili jua lichomoze salama. Ya sebuleni ni kwamba Tucker na Tholen walikuwa wapenzi wa tamthilia ya televisheni ya Stargate SG-1, ambamo adui mkubwa anaitwa Apophis. Wanasayansi nao hukaa mbele ya luninga kama sisi.

Na sinema hazikuacha kitu. Mwaka 1998 pekee zilitoka mbili, Deep Impact ya nyotamkia na Armageddon ya asteroidi. Katika hiyo ya pili jiwe lina ukubwa wa jimbo la Texas, nalo linagunduliwa zikiwa zimebaki siku 18. Ceres, asteroidi kubwa kuliko zote, ina kipenyo cha kilomita 940 hivi na haifikii upana wa Texas. Jiwe la ukubwa huo lingeonekana miaka na miaka kabla. Yanayoponyoka ni madogo. Lililopasukia juu ya Chelyabinsk, Urusi, tarehe 15 Februari 2013 lilikuwa na mita 20 tu, likatokea upande wa jua ambako darubini hazioni, na watu 1,500 hivi wakaumia, wengi wao kwa vioo vya madirisha waliyokimbilia kuchungulia mwanga.

Apophis si la aina hiyo ya kushtukiza. Limepimwa na rada na kujulikana kwamba lina umbo refu lenye kiuno, na kwamba linajizungusha kwa kuyumbayumba. Hata joto la jua linalolisukuma limepimwa: upande uliopata moto hutoa joto hilo angani, na msukumo huo mdogo unaihamisha njia yake kwa mita 170 hivi kila mwaka. Kwa muda ilihofiwa kwamba mwaka 2029 jiwe lingeweza kupita kwenye kijisehemu chenye upana wa mita 600 tu, na likipita hapo, mvutano wa Dunia ungelielekeza lirudi kutugonga 2036. Hofu hiyo ilifutwa, na mwezi Machi 2021, baada ya rada ya Goldstone, California, kulipima tena, NASA ikatangaza kwamba kwa miaka 100 angalau hakuna mgongano.

Wazungu watasema sana kuhusu siku yenyewe, kwa kuwa kwao itakuwa Ijumaa tarehe 13, ambayo wanaihesabu kuwa ya mkosi. Pwani yetu Ijumaa haijawahi kuwa na mkosi, na hata hivyo jiwe litakapokuwa karibu kabisa, saa 6:46 usiku kwa saa zetu, sisi tutakuwa tumeshaingia Jumamosi.

Halitahitaji darubini. Litaonekana kama nyota ya kawaida, si kali sana, ila ukilikazia macho kwa dakika chache utaona limehama kuelekea magharibi. Bahati nzuri usiku huo hauna mbalamwezi. Bahati mbaya ni Aprili, masika yamepamba moto, na mawingu hayana ratiba. Anayeweza kuondoka kwenye taa za mjini aondoke mapema jioni, maana saa za mwanzo za usiku zitatufaa kuliko ile saa ya karibu zaidi, ambapo jiwe litakuwa limeshafika upande wa Atlantiki.

Vyombo vitalisindikiza. Kile cha NASA kilicholeta udongo wa asteroidi Bennu mwaka 2023 kimepewa jina jipya la OSIRIS-APEX na kimeshaelekezwa huko. Shirika la anga la Ulaya linaandaa Ramses, kinachopangwa kuruka 2028 ili kifike kabla ya siku yenyewe. Wanachokitafuta ni mabadiliko: kama mvutano wa Dunia utaporomosha kokoto usoni pake, au kubadilisha namna linavyojizungusha. Badiliko moja limeshahesabiwa. Leo Apophis hulizunguka jua kwa siku 324. Likishatupita, mwaka wake utarefuka na kuzidi wa kwetu, takriban siku 420.