Je, Wajua? Mgongo Ukivunjika, Seli Shina Zimefika Wapi?

Je, wajua kuwa kukwea mchikichi ni kazi inayovunja migongo? Rumonge, huku Burundi kando ya Ziwa Tanganyika, ni nchi ya mawese, na mchikichi mkongwe hupita mita 15. Mkwezi anapanda na panga kukata mikungu. Akiteleza, pingili za uti huweza kupondeka. Duniani, kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, zaidi ya watu milioni 15 wanaishi na jeraha la ugwe wa mgongo, yaani kamba ya neva iliyo ndani ya uti. Wengi walilipata kwa kuanguka, ajali za barabarani au kushambuliwa.

Je, wajua ugwe huo una ukubwa gani? Kwa mtu mzima una urefu wa sentimita 45 hivi, na unene wake haupiti kidole cha mwisho. Humo hutoka jozi 31 za neva. Ukiumia shingoni, mikono na miguu hulegea. Ukiumia chini ya hapo, miguu hufa ganzi, na mara nyingi mtu hashiki tena mkojo wala choo.

Je, wajua kuwa Wamisri waliliandika jambo hili takriban mwaka 1600 KK? Hati ya mafunjo iitwayo Edwin Smith, katika kisa cha 31, inamweleza mtu aliyeteguka shingo, asiyehisi mikono wala miguu, mkojo ukimtoka. Tabibu anaambiwa huyo si wa kutibiwa.

Je, wajua kwa nini mfupa huunga lakini ugwe hauungi? Baada ya jeraha, kovu huota pale pale, na kemikali zilizopo huzuia nyuzi za neva kuvuka. Neva ya mkononi, ikipata nafasi, huweza kukua milimita moja hivi kwa siku.

Je, wajua kuwa kambare mamba ametushinda? Mwaka 2020 watafiti walionyesha kuwa yule wa Afrika Magharibi, akikatwa mkia, huuotesha upya pamoja na ugwe ndani yake. Jamaa yake wa karibu anaishi humu humu Ziwa Tanganyika.

Je, wajua seli shina ni zipi? Ni seli changa ambazo bado zinaweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine, zikiwemo za neva. Mwaka 2006, Shinya Yamanaka wa Kyoto alizirudisha seli za kawaida za panya kwenye hali hiyo ya uchanga. Mwaka uliofuata akafanya hivyo kwa seli za binadamu. Mwaka 2012 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na John Gurdon.

Je, wajua jaribio la kwanza la seli shina za kiinitete kwa binadamu lilikatizwa kwa ukosefu wa pesa? Oktoba 2010, huko Atlanta, kampuni ya Geron ilimdunga majeruhi wa kwanza seli zilizotokana na kiinitete. Novemba 2011 ikaacha, ikisema fedha hazitoshi.

Je, wajua habari kutoka Tokyo? Chuo Kikuu cha Keio kiliwapandikizia watu wanne seli zilizotengenezwa kwa njia ya Yamanaka, milioni mbili kila mmoja, wiki mbili hadi nne baada ya ajali. Machi 2025 walitangaza kuwa wawili walipata nafuu, mmoja akaweza kusimama mwenyewe. Watu wanne ni wachache mno kuthibitisha tiba.

Je, wajua tiba hizi zinaweza kudhuru? Mwanamke mmoja alipandikiziwa tishu za puani zenye seli shina katika ugwe. Miaka minane baadaye madaktari wakakuta uvimbe mgongoni mwake unaotoa makamasi. Kisa hicho kilichapishwa mwaka 2014. Basi ukiambiwa uuze shamba la michikichi ulipie sindano ya seli shina ng'ambo, uliza kwanza: ni jaribio lililosajiliwa? Anayeshiriki jaribio la kweli kwa kawaida hauziwi dawa inayojaribiwa.

Je, wajua kinachowaua wengi katika nchi maskini si jeraha lenyewe? Mara nyingi ni vidonda vya kulalia na maambukizi ya mkojo. Mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, ngozi ya matako na visigino ikaguliwe kila siku, kibofu kimwagwe kwa mpangilio. Kazi hiyo ndugu wanaweza kufundishwa nyumbani.

Je, wajua la kufanya chini ya mchikichi? Usimwinue aliyeanguka kwa makwapa, usimkalishe, usimpakie kwenye pikipiki. Mmoja ashike kichwa kisicheze. Wengine watatu wamgeuze kwa pamoja, kichwa, mabega na nyonga vikienda sawia, alazwe juu ya ubao mpana au mlango uliong'olewa. Afungwe kwa vitenge asiteleze, kisha gari litafutwe. Ugwe uliochubuka tu unaweza kuharibika zaidi kwa kubebwa vibaya, na hapo hata maabara ya Tokyo haina la kuahidi.