Ua na Kauli ya Mama katika Ushairi wa Kiswahili

Ushairi wa Kiswahili humchora mwanamke mara nyingi kwa taswira za maumbile, na ua ndilo limezoeleka zaidi. Katika "Amina", shairi la kumwomboleza mkewe, Shaaban Robert anamfananisha marehemu na ua lililofunga baada ya kuchanua. Tashbihi hiyo imebeba huzuni ya kweli. Hata hivyo ua halisemi, na anayesikika ni mume.

Kabla ya hapo, mwaka 1858, Mwana Kupona akiwa mgonjwa alimtungia bintiye utenzi, akimwita asogee na wino na karatasi. Wosia wake unahimiza utii kwa mume, jambo linalopingwa leo, na kwa haki. Lakini humo mama ndiye nafsineni.

Ushairi wa kisasa umerithi mapokeo yote mawili. Kichomi (1974) cha Euphrase Kezilahabi kilichochea mjadala wa vina na mizani; kuvilegeza, hata hivyo, hakumpi mwanamke kauli. Zaynab Himid Mohammed, katika Howani Mwana Howani (1983), alisema kwa sauti yake mwenyewe ndani ya bahari ileile ya utenzi.