Uzito wa Alama za Mtihani katika Udahili wa Vyuo Vikuu vya Marekani

Wachungaji wengi wamepata kuombwa na wazazi wa usharika wamwandikie kijana barua ya kumsaidia kupata nafasi katika chuo kikuu cha Marekani. Pamoja na ombi hilo huja swali: je, alama za mtihani zina uzito gani? Wapo wasemao kwamba alama ndizo kila kitu. Wapo wengine wasemao kwamba siku hizi hazihesabiwi tena. Katika makala hii tunakusudia kuonyesha kwamba kauli zote mbili zina upungufu, na kwamba jambo lenyewe linagusa utumishi wetu.

1. Chimbuko la mtihani

Mtihani ujulikanao zaidi ni SAT, uliofanywa kwa mara ya kwanza mwezi Juni 1926 chini ya bodi iitwayo College Board. Mtungaji wake mkuu, Carl Brigham, alikuwa mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Princeton aliyeshughulikia vipimo vya akili vya jeshi la Marekani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1923 alichapisha kitabu kilichodai kwamba watu wa asili ya Ulaya ya Kaskazini wamewazidi wengine kwa akili. Mwaka 1930 aliyakana madai hayo kwa maandishi. Hata hivyo, James Bryant Conant, aliyekuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Harvard tangu 1933, aliutumia mtihani huohuo kuwatafutia ufadhili vijana wenye vipawa waliosoma nje ya shule za matajiri. Hivyo tangu mwanzo chombo hiki kimekuwa na nyuso mbili: chaweza kutumiwa kuwadharau watu, na chaweza kumfungulia mlango asiyejulikana.

Leo SAT hupima kusoma na kuandika pamoja na hisabati, na alama zake huanzia 400 hadi 1600. Mtihani mwenzake, ACT, ulioanza mwaka 1959, huhesabiwa kuanzia 1 hadi 36.

2. Alama ni mlango, si kiti

Sisi wa Tanzania tumezoea utaratibu ambao matokeo ya kidato cha sita ndiyo msingi wa udahili. Kwa hiyo ni rahisi kwetu kudhani kwamba aliyepata alama nyingi zaidi ndiye atakayechukuliwa kwanza. Katika vyuo vya Marekani vyenye ushindani mkali, sivyo. Wadahili husoma pia gredi za miaka ya sekondari, ugumu wa masomo aliyochukua mwombaji, insha zake, barua za walimu, na shughuli zake nje ya darasa.

Hukumu ya mahakama ya shirikisho mjini Boston ya mwaka 2019, katika kesi juu ya matumizi ya mbari katika udahili wa Harvard, ilitoa mfano ulio wazi. (Mahakama ya Juu ilibatilisha matumizi hayo mwezi Juni 2023.) Miongoni mwa Wamarekani walioomba kuanza masomo Harvard mwaka 2015, waombaji zaidi ya 3,000 walikuwa na alama kamili za hisabati katika SAT, na zaidi ya 8,000 walikuwa na wastani kamili wa gredi. Waliokubaliwa wote walikuwa kama 2,000 tu. Ni dhahiri kwamba hata kama chuo kingetaka kuchagua kwa alama peke yake, kisingeweza. Alama nzuri humwingiza mtu katika kundi la wale wanaofikiriwa, hazimpi kiti. Alama za chini mno, kwa upande mwingine, huwa vigumu kufidiwa na mambo mengine.

3. Mabadiliko tangu mwaka 2020

Chuo cha Bowdoin kiliacha kulazimisha mtihani tangu mwaka 1969, lakini vilivyokifuata vilikuwa vichache kwa miaka mingi. Ugonjwa wa UVIKO-19 ulipofunga vituo vya mitihani mwaka 2020, karibu vyuo vyote vyenye ushindani vililegeza sharti hilo. Chuo Kikuu cha California kilikwenda mbali zaidi, kikaacha kabisa kutazama alama hizo.

Ndipo baadhi wakarudi nyuma. Chuo cha MIT kilirudisha sharti mwaka 2022, kikieleza kwamba kila mwanafunzi wake hana budi kusoma hisabati na fizikia za juu, na kwamba bila alama ni vigumu kujua nani yuko tayari. Mwaka 2024 walifuata Dartmouth, Yale, Brown, Harvard na Caltech. Uchunguzi wa maprofesa wa Dartmouth ulionyesha jambo la kusikitisha: baadhi ya waombaji wa hali ya chini walificha alama ambazo zingewasaidia. Waliziona ndogo wakizilinganisha na za wengine, wasijue kwamba wadahili hupima alama kwa kuangalia shule na mazingira ya mwombaji. Alama 1400 kutoka shule isiyo na walimu wa kutosha haisomwi sawa na 1400 kutoka shule ya ada kubwa.

4. Je, kuondoa mtihani huleta haki?

Ni kweli kwamba watoto wa matajiri hupata alama za juu zaidi, kwa kuwa wamepata shule bora na walimu wa ziada. Lakini yafaa tuulize: kipimo hiki kikiondolewa, kinabaki kipi? Mwaka 2023 wachumi Raj Chetty, David Deming na John Friedman walionyesha kwamba katika vyuo vinavyoheshimika zaidi, mtoto wa familia zilizo katika asilimia 1 ya juu kwa kipato ana nafasi zaidi ya maradufu ya kuingia kuliko mtoto wa familia ya kati mwenye alama zilezile. Tofauti hiyo ilitokana hasa na upendeleo kwa watoto wa waliosoma hapo, michezo, na sifa zisizo za kitaaluma. Insha yaweza kusahihishwa na mtu wa kulipwa. Michezo fulani huchezwa na wenye fedha. Basi mtihani una kasoro, lakini vibadala vyake navyo vina mwenye kuvinunua.

5. Wajibu wa mchungaji

Kwanza, tumshauri kijana aulize kila chuo kama mtihani ni lazima, ni hiari, au hautazamwi, wala asifiche alama zake kabla ya kupata ushauri.

Pili, barua yetu, ijapokuwa kwa kawaida ni nyongeza ya barua za walimu, ni ushuhuda, nao uko chini ya Amri ya Nane. Kumsifu kijana kwa sifa asizo nazo ni kumnyima nafasi mwingine tusiyemwona. Tuandike tulichokiona: kwamba amefundisha shule ya Jumapili miaka miwili, au kwamba alisoma usiku baada ya kuwahudumia wadogo zake. Mambo ya namna hiyo ndiyo yanayomwezesha mgeni kuisoma alama kwa haki.

Tatu, Martin Luther mwaka 1524 aliwasihi madiwani wa miji ya Ujerumani waanzishe shule, na mwaka 1530 akahimiza watoto wenye vipawa wasomeshwe hata kama wazazi wao ni maskini. Aliheshimu elimu kama utumishi kwa jirani. Lakini mafundisho yetu juu ya kuhesabiwa haki hayaruhusu mtu apimwe mbele za Mungu kwa matendo yake, sembuse kwa alama. Kijana aliyekataliwa na chuo anapokuja ofisini kwetu, hana budi kulisikia neno hilo kutoka kwetu waziwazi, na aliyekubaliwa alisikie vilevile.