Mtoto Hasomi kwa Tumbo Tupu



Zamani misafara iliyotoka pwani ilipita katika pori la Mgunda Mkali. Pori lile lilikuwa kubwa. Maji yalikuwa ya shida na chakula hakikupatikana. Wapagazi waliovuka salama walifika Tura. Hapo walipata nafaka, wakapumzika. Kila mtu alijua jambo moja: mpagazi bila posho hafiki.

Je, na mtoto wa shule? Anaamka alfajiri. Anatembea mwendo mrefu. Anakaa darasani mpaka mchana. Kama hakula, anasinzia na kusahau. Mwisho anatoroka. Watu husema, "Huyu mzito wa kichwa." Wapi! Ni njaa hiyo.

Nani atoe chakula?

Januari 2016 Serikali iliondoa ada na michango ya lazima shuleni. Wengine walidhani na chakula kitatoka serikalini. Sivyo. Chakula cha mtoto wa shule ya kutwa ni kazi ya wazazi. Basi tukutane kijijini, tukubaliane. Lakini mtoto wa asiye na kitu asifukuzwe. Hana kosa.

Tufanye hesabu

Tuseme mtoto apikiwe uji wa unga gramu 100 kila siku. Siku za masomo kwa mwaka ni 194. Jumla ni kilo 19 na nusu hivi. Hilo ni debe moja la mahindi na kidogo juu yake. Tulitoe wakati wa mavuno. Tukingoja Januari, ghala litakuwa tupu.

Uji peke yake hautoshi

Baadhi yetu tunakumbuka kampeni ya "Chakula ni Uhai" ya mwaka 1975. Mafunzo yake hayajachakaa. Mahindi, mtama na viazi vitamu hutia nguvu. Karanga, kunde na maharage hujenga mwili. Mchicha, kisamvu, maembe na mapapai hulinda mwili. Kwa hiyo uji utiwe karanga zilizotwangwa. Dona ni bora kuliko sembe. Shuleni tupande mchicha na mipapai.

Hatari ya ukungu

Mahindi na karanga zenye ukungu zisiletwe shuleni. Zinaweza kuwa na sumukuvu. Sumu hiyo haiishi kwa kupika. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Anika mazao juu ya turubai, si juu ya udongo. Yakauke kabisa. Yaweke mahali pakavu, juu ya chaga.

Wazee walimpa posho mbeba mizigo. Sisi tutashindwa kumpa mtoto wetu?

Maswali ya kujadili

1. Mtoto wako alikula nini leo kabla ya kwenda shule?
2. Kijiji chetu kitakusanya mahindi mwezi gani, na nani atatunza ghala?
3. Tutamsaidiaje mzazi asiye na debe?