Unataka Haibridi ya Familia? Kagua Betri na Kiti cha Nyuma Kabla ya Kutuma Depositi

Kila tarehe 14 ya mwezi, EPRA ikitangaza bei mpya za mafuta, wenye magari nchini huanza hesabu upya. Si ajabu basi kwamba haibridi zimejaa barabarani: Aqua, Fielder, Vezel, Note. Lakini kama umeweka akiba miaka mitatu au minne ndipo upate gari ya kupeleka watoto shule na kufika ushago Desemba, hiyo si pesa ya kujaribu bahati. Kwa hivyo tukwambie mapema: mafuta yasiwe swali lako la kwanza. Uliza kwanza betri iko hali gani na mtoto atakaa wapi.

Wauzaji wengi hupenda kuongea juu juu kuhusu jinsi haibridi inavyofanya kazi, na hapo ndipo watu huchanganyikiwa. Hizi tunazozungumzia zina injini ya petroli na mota ya umeme, na huzichomeki popote. Ukikanyaga breki au ukishuka mteremko, mota hugeuka kuwa jenereta na kurudisha umeme kwenye betri. Ndiyo maana haibridi inang'ara kwenye foleni ya Waiyaki Way au Mombasa Road, simama twende, simama twende. Ukiwa safari ndefu ya kwenda Eldoret, mwendo ule ule na breki chache, faida inapungua. Na usibebwe na namba za Japani. Aqua ilipozinduliwa Desemba 2011 ilitajwa kufika kilomita 35.4 kwa lita. Kipimo hicho hufanywa kwenye mashine, si Outering Road ukiwa na watoto watatu na gunia la viazi kwenye buti.

Fanya hesabu yako mwenyewe. Tuseme unaendesha kilomita 1,200 kwa mwezi. Gari ya kawaida ikikupa kilomita 12 kwa lita mjini, unachoma lita 100. Haibridi ikikupa 20, unachoma lita 60. Lita 40 zimebaki, na petroli ikiwa Sh180, hiyo ni Sh7,200 kwa mwezi au Sh86,400 kwa mwaka. Tamu, eeh? Lakini si zote za kula. Ushauri wetu ni uweke angalau nusu kwenye akiba ya kufungiwa hapo hapo kwenye simu, mwezi kwa mwezi, kwa sababu siku moja betri kubwa itachoka na bili yake haitakuja kwa awamu.

Betri ndiyo moyo wa hii biashara. Kwenye Aqua, Axio na Fielder, imekaa chini ya kiti cha nyuma, na inapozwa na feni inayovuta hewa ya ndani ya gari kupitia kitundu chenye wavu karibu na kiti hicho. Sasa fikiria gari ya familia: vumbi la barabara ya murram, makombo ya biskuti, leso ya mtoto imetupwa juu ya wavu. Hewa haipiti, betri inachemka, na maisha yake yanakuwa mafupi. Ukienda kuona gari, usianze na bodi inayong'aa. Fungua mlango wa nyuma, tafuta huo wavu, uliza ulisafishwa lini. Muuzaji akikutazama kama hajui unaongea nini, umeshapata jibu.

Kisha lete fundi wako anayejua haibridi, aje na mashine ya kusoma gari. Asiishie kuangalia kama kuna taa ya onyo. Mwambie asome volti za kila sehemu ya betri. Zikiwa zinakaribiana, sawa. Moja ikiwa chini sana kuliko wenzake, shida iko njiani. Na kuna ujanja wa kufuta makosa kwenye kompyuta dakika chache kabla hujafika, kwa hivyo iendeshe angalau nusu saa, AC ikiwa imewashwa, upande kilima, halafu fundi asome tena. Ukisikia betri "imetengenezwa" kwa kubadilishwa seli moja tu iliyokufa, punguza bei au ondoka. Seli zilizobaki ni za umri ule ule. Nyaya za rangi ya machungwa ni za umeme mkali, asiziguse mtu ambaye hajafunzwa.

Gari ipi basi? Kwa familia ya watu wanne au watano inayonunua haibridi ya kwanza, sisi tungeanza na Fielder. Haibridi yake ilitoka 2013 ikiwa na injini ya 1.5 ya familia moja na ile ya Aqua, kwa hivyo mafundi wameizoea na spea zinatafutika Kirinyaga Road. Aqua ni gari nzuri, lakini nyuma imebana na iko chini. Mkijaa watano, kila tuta ni sala. Mkizidi watano, angalia Sienta haibridi ya kuanzia 2015, yenye milango ya kuteleza ambayo mzazi wa shule ya chekechea ataipenda. Vezel inavutia macho na imeinuka kidogo, ila gia boksi yake ni ya klachi mbili, na haibridi hizo za Honda ziliitwa kurekebishwa zaidi ya mara moja Japani mwanzoni. Ukiipenda, ijaribu kwenye foleni: ikishtuka-shtuka unapoondoka, achana nayo. Note e-Power ni tofauti, injini inazalisha umeme tu na mota ndiyo inazungusha magurudumu. Inachangamka, lakini hakikisha kwanza una fundi anayeielewa.

Tukija kwa usalama, zaidi ya watu 4,000 hufa kwenye barabara zetu kila mwaka, kwa hivyo hapa hatutanii. Toyota ilianza kuweka mfumo wa kufunga breki wenyewe kwenye Axio, Fielder na Aqua mwaka 2015, lakini si kila gari ya miaka hiyo inao. Angalia juu ya kioo cha mbele, karibu na kioo cha kutazama nyuma, kama kuna kifaa chenye kamera. Kama kioo kilibadilishwa, uliza kama kamera ilipangwa upya. Washa gari: taa ya mifuko ya hewa iwake kisha izimike. Isipowaka kabisa, huenda kuna mtu ameificha, na mifuko yenyewe huenda ilishalipuka kwenye ajali. Kwa gari ya zamani kidogo iliyo hapa nchini, tumia namba ya chesisi kuangalia kwenye tovuti ya watengenezaji kama iliitwa kubadilishwa mifuko ya Takata. Halafu ingiza mkono kati ya mgongo na kalio la kiti cha nyuma, utafute vyuma vya ISOFIX. Hapo ndipo kiti cha mtoto kinashikiliwa.

Ukiagiza kutoka Japani, kumbuka gari isizidi miaka 8 tangu isajiliwe mara ya kwanza. Dai karatasi ya mnada. Alama ya R au RA inamaanisha iligongwa ikarekebishwa, na kilomita zilizoandikwa hapo zilingane na za dashibodi.

Sasa depositi, ambapo tumeona machozi mengi. Picha nzuri, bei ya chini, halafu "kuna mtu mwingine anakuja saa nane, tuma elfu hamsini nikushikilie." Usitume kabla hujaiona gari na kufanya utafutaji wa namba yake ya usajili kwenye NTSA kupitia eCitizen. Ada ya serikali hulipwa kwa Paybill 222222, si kwa namba ya dalali. Utafutaji utakuonyesha mwenye gari ni nani. Kama jina la benki liko hapo pamoja na la muuzaji, kuna mkopo haujaisha. Kwa yadi, lipa kwa Till au Paybill yenye jina la yadi yenyewe, na usome jina linalotokea kwenye skrini kabla ya kuweka PIN. Likiwa la mtu usiyemjua, sitisha hapo hapo. Salio kubwa lipitie benki baada ya mkataba kutiwa sahihi, kwa sababu gari ya milioni na kitu hailipwi kwa muamala mmoja wa simu.

Muuzaji ndiye huanzisha uhamisho wa umiliki kwenye NTSA, wewe unaukubali. Hadi jina lako lionekane huko, usifute hata SMS moja ya malipo.